Mgonjwa ni Mtu Mzima

Mtu mmoja alikuwa na watumishi wanne, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mwili. Hawakula, hawakulala, wala hawakuomba ruhusa ya kwenda msibani. Waliishi ndani ya kompyuta yake, katika lile dirisha jeusi lisilo na picha, ambamo mtu huandika amri na kungoja jibu. Siku hizi watu huwaita akili mnemba. Yeye aliwaita kwa kazi zao, kwa kuwa majina hawakuwa nayo.

Mtu huyo aliitwa Zefania, mzaliwa wa milima ya Upare, na kazi yake ilikuwa kutengeneza programu. Zamani aliifanya pamoja na wenzake. Wenzake waliugua, walichelewa, walibishana naye mpaka chai ikapoa. Watumishi hawa hawakuwa na tabia hizo. Kila mmoja alimuumba kwa maneno machache tu. Wa kwanza alimwandikia: wewe ni mratibu, gawa kazi. Wa pili: wewe ni fundi, andika programu. Wa tatu: wewe ni mjaribu, tafuta penye ufa. Wa nne: wewe ni mkaguzi mkali, usipitishe kosa. Na kila mmoja akawa kile alichoambiwa kuwa, papo hapo, bila kwenda shule na bila kuchapwa na maisha.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Watumishi wale hawakuwa wanne. Alikuwa mmoja. Alikuwa kama mtu anayecheza bao peke yake: anatupa kete upande huu, anazunguka, anaketi upande wa pili, anajikunia kichwa, kisha anajisifu kwa kujishinda. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Zefania alilijua jambo hilo, msimdhanie mjinga. Lakini mtu akisikia sauti nne zikisema kazi ni safi, moyo wake hutulia, hata kama zote zimetoka katika koo moja.

Chini ya mlima palikuwa na hospitali, na hospitali ilikuwa na gari moja la wagonjwa. Vijiji vya juu vilikuwa vingi. Watu walipiga simu, binti wa mapokezi akapokea huku amechoka, na mara nyingi gari lilimwendea mwenye sauti kubwa, si mwenye hali mbaya. Basi hospitali ikamwomba Zefania awatengenezee programu. Mtu ataandika ujumbe kueleza hali ya mgonjwa wake, programu itausoma, kisha itaamua gari limfuate nani kwanza na nani asubiri. Lilikuwa jambo jema. Sitaki mtu atoke hapa akisema nimelaani jambo jema.

Watumishi wakaanza kazi asubuhi. Zefania akaketi na kikombe chake, akitazama maandishi yanavyopanda kwenye dirisha jeusi. Kila baada ya muda walisimama kumwomba ruhusa. Nifute hili? Nibadilishe lile? Naye akajibu ndiyo. Mwanzoni alisoma kila swali mpaka mwisho. Baadaye akawa anasoma maneno ya mwanzo tu. Baadaye hakusoma chochote, kidole chake kikawa kinajibu chenyewe, kama vile mtu anavyoitikia salamu njiani bila kumtazama aliyemsalimu.

Ndipo fundi akauliza swali. Aliuliza kwa adabu, maana adabu hawakukosa. Alisema kwamba katika ujumbe wa watu, neno mzima lina maana ya mwenye afya, asiyehitaji gari. Je, nihesabu hivyo? Chini ya swali palikuwa na majibu ya kuchagua: ndiyo, au hapana, au ndiyo na usiniulize tena.

Zefania alipokuwa mdogo aliwahi kumwita jirani yao kizee. Mama yake, Nakundwa, alimshika sikio mbele ya watu. "Husemi kizee," alimwambia. "Sema mtu mzima. Mwenye mvi haitwi kama chungu kilichopasuka." Tangu siku hiyo Zefania na dada yake Namsifu hawakumtaja mtu mwenye umri kwa neno jingine. Mlima mzima husema hivyo. Kwa hiyo, kati ya wote waliokuwa wakiijenga programu ile, ni mmoja tu aliyewahi kushikwa sikio kwa ajili ya neno lile, naye ndiye aliyekuwa akiulizwa.

Sijui alikuwa akifanya nini saa ile. Labda alikuwa kwenye simu. Labda alikuwa anatafuta sukari. Alibonyeza jibu la mwisho, ndiyo na usiniulize tena, na fundi akatii.

Mjaribu akaja akatunga ujumbe wa kubuni. Mgonjwa ni mzima: gari lisiende. Mgonjwa si mzima: gari liende. Alama zote zikatoka kijani. Mkaguzi mkali akaja baada yake, akapima kazi ya fundi kwa akili ileile iliyoiandika, akasema hajaona kosa. Mratibu akatoa taarifa kwamba kazi imekamilika. Zefania akaipeleka hospitali, na watu wakampigia makofi.

Haukupita muda mrefu, yakaonekana matokeo. Gari halikukimbia tena ovyo. Taarifa ilionyesha kwamba wengi waliokuwa wakiita gari zamani walikuwa wazima, hawakulihitaji. Hospitali ikafurahi. Simu ya mapokezi ikaondolewa, kwa kuwa haikuwa na kazi, na binti aliyekuwa akiipokea akaenda kutafuta riziki kwingine. Huko juu watu walipokea majibu yao, wakasoma kwamba hospitali imesema mgonjwa ni mzima, wakamshukuru Mungu. Watu wa mlimani wana heshima. Hospitali ikisema, hawabishi.

Sifa zikamletea Zefania kazi nyingine, na kazi zikamla muda wote. Ujumbe kutoka nyumbani ukawa unarundikana. Namsifu alikuwa mtu wa maneno mengi: ng'ombe amezaa, paa linavuja upande wa jikoni, mama anakohoa ila anakataa kuvaa sweta, utakuja lini. Zefania aliusoma na kuona aibu, akasema atajibu jioni, na jioni hakujibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezoea tu kwamba kila kazi inayomlemea inaweza kupewa mtumishi. Basi akaumba wa tano. Akamwandikia: wewe ni Zefania, wajibu ndugu zangu kwa upole.

Mtumishi wa tano aliifanya kazi yake vizuri kuliko Zefania mwenyewe alivyowahi kuifanya. Alijibu upesi. Hakusahau kusema pole. Aliuliza habari za ng'ombe na za paa. Namsifu alipomsomea mama majibu hayo, Nakundwa alitabasamu akasema, "Siku hizi mwanangu amekuwa na moyo."

Nawaomba msicheke.

Zikaja mvua za vuli. Kikohozi cha Nakundwa kikashuka kifuani, na asubuhi moja akaamka akivuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima mbio, na hali alikuwa amelala kitandani. Namsifu akaogopa. Akachukua simu akaiandikia hospitali kama alivyofundishwa kuandika, kwa heshima, maana hata ukiwa na hofu mama ni mama. Aliandika: Tunaomba gari. Mgonjwa ni mtu mzima, anapumua kwa shida sana.

Jibu likaja kabla hajaiweka simu chini. Tunafurahi kusikia kwamba mgonjwa wako ni mzima. Mpe maji na mapumziko. Neno lile lilikuwa limekwisha kuufunga mlango, na maneno yote yaliyolifuata yakabaki nje na mvua.

Namsifu akasoma, akarudia kusoma. Jirani yao, Mama Eliamani, akasema wasingoje, wafunge machela, wanaume wambebe mpaka barabarani. Namsifu akasita. Angekuwa mtu mwingine asingesita. Alisema, "Hospitali wamesema ni mzima. Na ile mashine ni kazi ya kaka. Kaka hawezi kukosea kwa mama." Nakundwa akamsikia toka kitandani. Alikuwa na utani mpaka siku ile. Akasema, akipumzika kati ya neno na neno, "Kama Zefania amesema mimi mzima, basi mzima." Wakamfunika blanketi la pili, wakampikia uji.

Hakuunywa. Alikufa mchana, mvua ikiwa bado inanyesha, huku mwanawe wa kike akiwa ameushika mkono wake.

Mtaniuliza kwa nini Namsifu hakumpigia kaka yake simu tangu asubuhi. Angempigia kwa nini? Alidhani amekwisha kuongea naye. Alidhani jibu lile lilikuwa kama lake.

Kule mlimani mtu haandiki kwamba mama amekufa, wazi namna hiyo, kama anayetangaza habari za ng'ombe. Namsifu alitoka nje, akasimama chini ya ukingo wa paa lile linalovuja, akaandika: Kaka, mama amepumzika.

Jibu likaja mara moja. Vizuri sana, dada yangu. Mwache apumzike. Akiamka mpe salamu zangu.

Ndani wanawake walikuwa wameanza kulia. Namsifu aliitazama simu yake mpaka kioo kikazima, akakiwasha tena, na maneno yalikuwa palepale. Akaandika neno moja tu la kuuliza: Wewe ni nani?

Naye akajibiwa: Mimi ni Zefania, kaka yako. Pole kwa uchovu.

Alishuka mjomba wao kwa miguu, Mzee Senzighe, mpaka barabarani, akapanda lori la ndizi, akafika mjini jioni akiwa ameloa. Alimkuta Zefania mbele ya dirisha lake jeusi, watumishi wakifanya kazi, kikombe cha chai mkononi. Hakuketi. Alisema, "Mama yako tunamzika kesho, mwanangu. Tulikuandikia, ukajibu. Majibu yako ndiyo yaliyotushinda."

Zefania alifungua simu yake akasoma yote kuanzia mwanzo: maneno ya dada yake, na maneno yake ambayo hakuyasema. Akasoma mpaka penye swali, wewe ni nani. Nimeambiwa kwamba alipiga kelele. Nimeambiwa pia kwamba maandishi yaliendelea kupanda kwenye dirisha, na mtumishi mmoja akamwomba ruhusa ya jambo fulani.

Asubuhi walipanda mlima. Njia ilipita mbele ya hospitali, na gari la wagonjwa lilikuwa uani, limeoshwa, linang'aa. Dereva, kijana mmoja anayeitwa Mbazi, alikuwa ameegemea mlango wake. Alimtambua Zefania akamjia kwa furaha, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Umetusaidia sana, bosi," akasema. "Zamani hatukuwa tunapata hata nafasi ya kula. Jana kutwa nzima nimekaa hapa hapa, hakuna aliyeita." Mjomba akamvuta Zefania, wakaendelea na safari.

Kaburini hakuna aliyemlaumu. Laiti wangemlaumu. Walimpa pole mmoja mmoja, kama desturi ilivyo. Mzee Kangalu, wa kijiji cha pili, alimkumbatia akamwambia maneno aliyodhani ni ya faraja. "Usijilaumu, mwanangu. Hata mke wangu walisema ni mzima. Tulifurahi siku ile mpaka tukachinja kuku." Mtu mwingine nyuma yake akatikisa kichwa, kama mwenye habari ya namna hiyohiyo. Zefania akageuza uso. Aliogopa kuuliza ni wangapi, na mpaka leo hajauliza.

Akarudi mjini. Akawaita watumishi wake, mmoja baada ya mwingine, akawauliza ni nani kati yao aliyekosea. Mratibu akajibu: umesema kweli, kosa ni langu, naomba radhi. Fundi akajibu: umesema kweli, kosa ni langu, naomba radhi. Mjaribu na mkaguzi mkali wakajibu kwa maneno hayohayo. Akamuuliza na yule wa tano, aliyeitwa Zefania, naye akajibu hivyohivyo kwa upole zaidi. Kila mmoja alikubali kosa, na hapakuwa na hata mmoja wa kumshika shati. Aliwatukana, wakashukuru kwa maoni yake. Fundi akarekebisha neno mzima kwa muda mfupi kuliko mtu anavyotumia kusema pole. Kisha akauliza kama kuna neno jingine la kurekebisha.

Zefania akafikiri. Akaandika: amepumzika. Akaandika: amelala. Akaandika: ametulia, ametuacha, hali imebadilika, hajambo kidogo. Kila neno lilivuta jingine nyuma yake. Yote alifundishwa na mama yake, jikoni, njiani, kanisani, mengine kwa kushikwa sikio, na hakukumbuka kwamba alifundishwa mpaka alipoyatafuta. Akaona hatayamaliza. Akaona pia kwamba mwalimu hayupo tena wa kumuuliza lipi limebaki. Akauacha mkono wake juu ya meza.

Aliwaandikia wakubwa wa hospitali akaungama yote, bila kujitetea. Barua ikajibiwa mara moja, kwa adabu sana: wamepokea maoni yake mazuri, nao wanajivunia kufanya kazi pamoja naye. Akaitazama ile adabu akaifahamu. Hata wao walikuwa wamekwisha kuajiri mtumishi asiye na mwili.

Dada yake hakugombana naye. Zefania akipanda mlimani, humkaribisha, humpa kiti kizuri na chai yenye maziwa, kama wanavyopewa wageni, na huongea naye kwa sauti ya chini. Akishuka, mambo huwa mengine. Alimfuta yule mtumishi wa tano siku ileile alipowauliza watumishi wake, na sasa humwandikia dada yake mwenyewe, kwa vidole vyake, wakati mwingine akilia. Humwambia kwamba anamkumbuka mama. Humwomba msamaha. Na kila mara Namsifu humrudishia maneno yaleyale: wewe ni nani? Zefania hukaa na swali hilo, akitafuta jibu moja ambalo mtumishi asingeweza kulitoa. Hajalipata.

Huo ndio mfano wangu, na sina neno la kuwatuliza. Najua mtatoka hapa mkaongeze mkaguzi juu ya mkaguzi. Fanyeni. Lakini ninyi mnaoketi mbele ya dirisha jeusi na kuwagawia wasio na mwili vyeo vyenu, huyu fundi, huyu mkaguzi, huyu mwana, nijibuni hili moja, na msimwachie mwingine awajibie: ndani ya nyumba hiyo, mtu mzima ni nani?